Friji Linapopumzika

Siku fundi wa friji alipofariki, mmoja wa waliokuja kutoa pole alichomoa friji la pale nyumbani ili achaji simu, na hakuna aliyekumbuka kulirudisha. Kesho yake insulini ya mama wa marehemu ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika. Ikatupwa.

Tangu hapo mdogo wa marehemu, shemeji wa mjane, alishika neno moja. Umeme wa mtaa ulikuwa ukikatwa kila jioni hadi alfajiri, na betri ya sola aliyoiacha kaka yake isingeweza kulibeba friji usiku kucha. Basi mama ahamie kwake, mbali. Mjane hakutaka. Mama mkwe akiondoka, katika nyumba ile angebaki yeye na kuta tu.

"Shemeji, njoo uone mwenyewe," mdogo wa marehemu alimwambia mjane, akigonga kibandiko cha kiwandani nyuma ya friji. "Wati mia moja. Usiku una saa kumi na mbili. Hizo ni wati-saa elfu moja na mia mbili. Betri ni volti kumi na mbili mara ampea-saa mia na hamsini, yaani wati-saa elfu moja na mia nane, na haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Unabaki na mia tisa. Dawa itaharibika jogoo hajawika."

Mama mkwe alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Unalihesabia kama punda wa kukodi. Friji hilo linapumzika. Nashinda nalo humu ndani. Linanguruma, linanyamaza, na kimya chake ni kirefu kuliko kelele."

"Mama, kibandiko hakisemi habari za kupumzika."

Mjane aliinuka. Sanduku la zana la mumewe hakuwa amelifungua tangu msiba. Ndani yake kulikuwa na kipimo cha matumizi ya umeme kinachokaa kati ya soketi na kifaa, kingali na alama za grisi za vidole vyake. Asubuhi umeme uliporudi, akalichomeka friji kupitia kipimo hicho. Mchana kuna joto, na mlango hufunguliwa kila mara. Friji likila umeme kidogo mchana, usiku ni mteremko.

Jioni shemeji aliinama kusoma. "Sifuri nukta nne mbili. Kimekufa hiki."

"Hizo ni kilowati-saa, ndizo uniti zenyewe tunazonunua. Zidisha kwa elfu upate wati-saa," mjane alisema, na akashtuka kidogo. Hivyo hivyo ndivyo mumewe alivyozoea kuwaambia wateja.

Shemeji alihesabu midomo ikicheza. "Mia nne na ishirini. Hata ukiongeza zinazopotea kwenye inveta ya sola, mia tisa iko mbali." Akajikuna kichwa. "Kumbe lina uvivu kama mimi."

"Wewe hunyamazi," mama yake alisema.

Usiku ule friji liliachwa liende kwa betri. Asubuhi mjane alishika chupa mpya ya insulini; ilikuwa baridi.

Sasa insulini iko rafu ya kati, na mama mkwe bado analala chumba cha mbele.