Ndege ya Marehemu Mbwana

Twaiba alikuwa akishona turubai kwa cherehani, barazani kwake upande wa bara wa Msambweni, marehemu mumewe alipopiga hodi. Mbwana alipenda kurudi alasiri. Twaiba alimsogezea kigoda na kikombe cha kahawa, ambayo siku hizi alikuwa akiinusa tu.

"Bawa la kushoto limekwisha?"

"Bado pindo. Na usinihimize. Uliondoka bila hata kuniaga."

Mbwana alikuwa fundi baiskeli. Mwaka ule mafuriko yalipobeba daraja, mtoto wao wa kwanza alifia ukingoni, mabati ya hospitali yakionekana ng'ambo. Wakubwa waliahidi daraja jipya. Mbwana hakungoja. Alikuwa amesikia kwamba watu wa kwanza kuruka duniani nao walikuwa mafundi baiskeli, akaona basi hakuna la kumzuia. Ndege yake ya kwanza, ya mianzi, haikuinuka. Ya pili ilipita juu ya mikorosho, kijiji kizima kikapiga vigelegele. Ya tatu ilimwangusha, akazikwa.

Kifo kilimwondolea tatizo moja. Injini ya pikipiki haikuweza kubeba rubani na mgonjwa pamoja. Sasa rubani hakuwa na uzito wowote. Aliporudi baada ya arubaini, hilo ndilo alilolisema kabla hata ya salamu.

Siku hiyo mto ulikuwa umefurika. Pindo lilipokwisha tu, Kombe, jirani yao, aliingia mbio. Mkewe Kadzo alikuwa ameshikwa na uchungu.

"Shikamoo, Bi Twaiba. Mzee yupo?"

"Marahaba. Yupo, anafunga bawa. Mlete mwenzio, na umvike sweta. Huko juu kuna baridi."

Kadzo akafungwa kitini kwa leso mbili.

"Polepole, shemeji," alisema kwa shida.

"Nimeshakufa mara moja, shemeji. Inatosha."

Wakavuka. Wauguzi walimpokea Kadzo, wakamwomba rubani asiegeshe langoni. Kabla ya magharibi alizaliwa mtoto wa kike. Twaiba, aliyekuwa amesimama ukingoni palepale, alilia, wala hakujua anamlilia mtoto yupi.

Habari ziliwafikia wakubwa, wakaja kujionea. Kwa kuwa hapakuwa na daraja, Mbwana aliwavusha mmoja mmoja. Walikunywa madafu, wakamsifu sana, kisha wakatangaza kwamba mahali penye ndege hapana haja ya daraja. Saruji itapelekwa kwingine. Mbwana akawarudisha, mmoja mmoja, wakipunga mikono.

"Nilikosea kuiunda?" alimuuliza mkewe baadaye.

"Hukukosea, mume wangu. Lakini utapumzika lini sasa?"

"Daraja likijengwa."

Ng'ambo, mwanamke alikuwa akipunga leso, ana mtoto mgongoni. Mbwana akaenda kuwasha injini.

Twaiba alijua ilimpasa asikitike, mumewe kukosa hata nafasi ya kulala kaburini kama wafu wenzake. Alisikitika, lakini si sana. Akaingia jikoni kumchemshia kahawa nyingine ya kunusa.