Sauti ya Pili Langoni

Siku waliyopanga kumnyonga baba mkubwa, mke wake alioga mapema, akapiga pasi gauni la kwaya. Nilimkuta sebuleni akifunga vifungo vya mikono taratibu, kama mtu anayejiandaa kwenda harusini.

"Mama mkubwa, unakwenda wapi?"

"Gerezani."

"Si walikataa?"

"Walikataa jana. Leo bado hawajakataa."

Baba mkubwa alikuwa mwalimu wa kwaya. Nchi nzima ilimwita Kijiti, kwa sababu ya kile kijiti alichokuwa akituongozea. Wimbo wake mmoja, uliowataka wageni waturudishie nchi yetu, ulitoka kwenye kwaya yetu ukaingia viwandani, stesheni na mashuleni, mpaka wafungwa wakawa wanauimba wakivunja mawe. Serikali ya wageni ilipiga marufuku wimbo, kisha ikapiga marufuku kuimba hadharani, kisha ikamkamata yeye. Wakamwambia ataje watu waliousambaza, nao watamwachia. Hakumtaja hata mmoja. Wengi wetu tunapumua leo kwa sababu ya mdomo ule uliofungwa, na mimi nimo.

Kifo chenyewe mama mkubwa alikuwa ameshakililia. Kilichomnyima usingizi ni kitu kingine. Gazeti la serikali lilikuwa limeandika kwamba amemkana mumewe mbele ya maofisa, kisha akahama mji. Uongo mtupu. Lakini gazeti hilo ndilo pekee lililokuwa likiingia gerezani, na tangu hukumu itolewe hakuna ndugu aliyeruhusiwa kumwona.

"Akifa akiamini nimemkana," aliniambia huku akitafuta viatu, "mimi nitaishi vipi, mwanangu?"

Shangazi aliingia bila kubisha hodi. Yeye ni dada wa baba mkubwa, na tangu kaka yake akamatwe ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya. Nyuma yake uani walisimama waimbaji wote, na sare zao.

"Tunakwenda kusimama langoni," alisema. "Tukipaza sauti, atatusikia. Na wewe, wifi, tafadhali sana. Kwa heshima ya kaka yangu, leo subiri zamu yako."

"Nitasubiri."

"Umesema hivyo miaka yote."

Ilikuwa kweli. Kila mazoezi ya kwaya yetu yalianza na ngazi ya Kijiti. Sauti ya kwanza inaanza do, re, na ikifika mi, sauti ya pili nayo inaanza do, halafu ya tatu, halafu besi, kama watu wanaoingia mlangoni mmoja mmoja. Mama mkubwa, aliyeimba sauti ya pili, hakuwahi kuisubiri hiyo mi. Sauti ya kwanza ikifika re tu, yeye ameshaingia, tena kwa nguvu. Hapo baba mkubwa aligonga benchi mara mbili, ko-ko, wote tukanyamaza. "Nani ameingia kabla mlango haujafunguliwa?" Tukaangua kicheko. Alijaribu kila dawa. Aliwahi kumweka karibu yangu ili ikifika re nimfinye. Nilimfinya. Aliingia vilevile, na "aah!" juu yake.

Langoni tulikuta ofisa kijana mwenye mkanda mpya unaolia akitembea.

"Kuimba ni marufuku," alisema kabla hatujamsalimia. "Atakayeimba analala ndani."

"Hatuimbi, mwanangu," shangazi akajibu. "Tunapasha koo moto tu."

"Mnapasha koo za nini, kama hamtaimba?"

"Koo ni kama mashine. Isipowashwa inashika kutu."

"Na maneno yake yanasemaje?"

"Do, re, mi."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kama a, e, i, o, u, ila hii inapanda ngazi."

Ofisa alitutazama, akatazama tangazo la marufuku lililobandikwa ukutani, akalisoma upya huku midomo ikicheza. Halikusema chochote kuhusu do wala re.

"Likitoka neno moja tu la wimbo wenu..."

"Halitatoka, bwana mkubwa."

Shangazi aliinua mkono. Sauti ya kwanza ikaanza. Mama mkubwa alinishika kiganja, akakibana mpaka vidole vikaniuma. Do. Re. Nilimwona akivuta pumzi na kuizuia. Mi, naye akaingia palepale panapotakiwa, kwa sauti laini, iliyonyooka. Besi walipomaliza, shangazi alikuwa akifuta machozi kwa fahari.

Yaliyotokea ndani wakati huo tulisimuliwa na askari jela aliyekuwa zamu, mtu mnene mwenye kikohozi, aliyetuletea nguo za baba mkubwa baada ya msiba. Alisema baba mkubwa alikuwa ameshanyolewa ndevu na amekaa ukingoni mwa kitanda, chini ya kidirisha kidogo. Aliposikia sauti ya kwanza, alisimama na kuanza kuongoza kwa kidole. Sauti ya pili ilipoingia, kidole kikabaki hewani.

"Hayupo," alisema.

"Nani, mzee?" askari akauliza.

"Mke wangu. Kumbe gazeti lilisema kweli."

Askari alikuwepo mahakamani siku ya hukumu. Alisema siku ile mabega ya Kijiti hayakutikisika. Sasa yalianguka.

Nje sisi tulikuwa tunapongezana.

"Safi kabisa!" alisema mzee wa besi. "Kijiti angekuwa hapa angetununulia soda."

Mama mkubwa peke yake hakufurahi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nimeimba vizuri," alisema.

"Vizuri mno, wifi. Hongera."

"Hongera ya nini? Kwaya hii ina mkosaji mmoja tu, na mume wangu anamjua. Leo hajamsikia. Sasa huko ndani anasema nini?"

Shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ee Mungu wangu, na mimi ndiye niliyekubembeleza! Basi kosea, wifi! Kosea kwa nguvu zako zote!"

Tukaanza upya. Lakini kukosea kwa makusudi kulimshinda. Ilipofika re alifumbua kinywa, akaanza kufikiri, mi ikampita, fa nayo ikampita, akaja kuingia nyuma ya besi, amepotea kabisa.

"Na hiyo nayo ni nini?" shangazi aliuliza.

"Umenikodolea macho!"

"Haya, sikukodolei."

"Mbona mnarudiarudia?" ofisa alipaza sauti kutoka kibandani.

"Koo bado za baridi, bwana mkubwa!"

Mzee wa besi alinisogelea akaninong'oneza, "Mzungumzishe. Asijue kama tumeanza."

Mimi si mtu wa maneno mengi, hasa mbele za watu. Lakini nilimgeuza mama mkubwa tukaupa mgongo umati, nikamuuliza kitu cha kwanza kilichonijia, kwamba walikutana vipi yeye na baba mkubwa. Alinishangaa kwanza. Halafu akatabasamu kidogo.

"Alikuja kwetu kutengenezewa redio. Kaka yangu ndiye aliyekuwa fundi. Akakaa kwenye kigoda, akaniambia redio yake inapiga kelele nyingi lakini..."

Nyuma yetu sauti ya kwanza ilianza, chini kwa chini. Do.

"...lakini ikiwa kimya, nyumba inakuwa..."

Re. Na palepale, katikati ya sentensi yake mwenyewe, mama mkubwa aliingia. Hakufikiri. Sauti yake iliruka juu, nene, ya haraka, ikakanyaga sauti ya kwanza, ikapita juu ya ukuta.

Ndani ya gereza kitu kiligonga chuma. Ko-ko.

Tulinyamaza wote kwa pamoja. Hakuna aliyetuamuru. Miaka na miaka ya mazoezi ilikuwa imetufundisha kunyamaza hivyo.

Askari alituambia kwamba baba mkubwa alikuwa amenyakua kikombe cha bati na kukigonga kwenye nondo za mlango, akicheka mpaka machozi yakamtoka. "Yupo! Ameingia kwenye re kama kawaida yake!" Kisha akamgeukia askari na kumshukuru, asante bwana, asante sana, ingawa askari hakuwa amefanya lolote zaidi ya kutomnyang'anya kikombe.

Mama mkubwa alisimama na kiganja mdomoni.

"Amenikatiza," alisema. Halafu kwa sauti zaidi, akimshika shangazi kila mahali, mkononi, begani, shavuni. "Wifi, amenikatiza!"

"Nimesikia! Sote tumesikia!"

Tulianza tena. Aliingia mapema tena, akagongewa tena. Tukawa tunacheka na kulia, na kila tulipogongewa tulijua kwamba yuko hai, anatusikia, na anajua. Ofisa alitoka kibandani, akasimama akitusikiliza. Sidhani kama hakuelewa. Alitazama viatu vyake, akarudi ndani.

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimetufikia miguuni pale mama mkubwa alipoingia kwa haraka yake, tukanyamaza tukisubiri, na hakuna kilichogonga.

Shangazi aliushusha mkono polepole.

Walikuwa wamemfuata. Kwa maneno ya askari, aliweka kikombe juu ya blanketi lililokunjwa, akawashukuru waliomfuata kwa kumsubiri, akaomba jambo moja tu, kwamba wale walioko nje wasifukuzwe. "Waacheni wamalize mazoezi," alisema. Alitembea mwenyewe. Mabega yalikuwa juu.

Sisi hatukuyajua hayo, ila tulijua. Mama mkubwa hakuikatiza ngazi. Aliendelea peke yake, re, mi, fa, akipanda bila papara, mpaka do ya juu, akaishikilia hadi pumzi ilipomwishia.

Kisha akatupitia mmoja mmoja na kutupa mkono. Mzee wa besi alikuwa analia vibaya. Kwa wengine alisema asante tu. Mimi alinishika kidevu akasema, "Na wewe leo umeongea." Aliyebaki alikuwa ofisa. Tulidhani atampita, lakini alikwenda mpaka mlangoni mwa kibanda.

"Asante, mwanangu."

Kijana alisimama haraka, mkanda ukalia.

"Mimi sijafanya kitu, mama. Mimi... poleni sana."

"Pole yako nimeipokea," mama mkubwa alisema, mkono ukiwa bado umenyooshwa. "Na wewe pokea asante yangu."

Kijana alitazama huku na huku kama kuna mkubwa wake anayemwona. Halafu akavua kofia, akaipokea ile asante.