Fungu la Pembeni

Jumatano, tarehe 14 Mei. Asubuhi kulikuwa na manyunyu, kisha jua likatoka kabla pasi hazijapata moto.

Mimi ni mpiga pasi katika karakana ya sare za shule. Kila fundi hufunga mashati yake kumi kumi, mimi nayanyoosha, halafu nayapeleka kwenye meza ya msimamizi wetu. Tunamwita Mama Futi, maana futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni. Kwa mafundi wengine hukagua shati moja katika kila fungu. Ya fundi tunayemwita Vidole huyapindua yote kumi, mshono kwa mshono. Vidole ndiye hodari wetu wa vitundu vya vifungo, na ndiye pekee mwenye rangi tofauti na yetu.

Jana wakati wa chai nilishindwa kuvumilia. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alitufundisha kwamba jambo baya liitwe kwa jina lake, nami mwanafunzi wa miaka hamsini na miwili sipendi kujifunza bure.

"Mama Futi," nilisema, "huu ni ubaguzi wa rangi."

Kikombe chake hakikufika mdomoni. "Mimi? Mimi niliyempeleka mwana wa Vidole hospitali? Jirani yangu wa mlango wa pili ni rangi hiyohiyo, kamuulize kama nimewahi kumnyima salamu."

"Hapa hatukagui salamu, mama. Tunakagua mashati."

"Shule ya jioni imekuotesha ulimi," alisema, na mafundi wakacheka. Mchana ule akapindua mpaka kola na mikono ya mashati ya Vidole, akamrudishia mafungu mawili ambayo mimi sikuona kosa ndani yake.

Tulipokuwa tukitoka nilimfuata Vidole. "Nimekuponza, mdogo wangu."

"Umeniponza kweli. Lakini miaka miwili nimengoja mtu aseme. Hata nikiacha kazi Jumamosi, nitaondoka nikijua sikuwa naota." Ndipo akanionyesha barua ya kuacha kazi aliyokwisha kuandika.

Alfajiri ya leo nilipiga magoti nikamwomba Mungu amfumbue macho Mama Futi. Nilimtaja kwa bidii. Katikati ya sala nikaiona mikono yangu mwenyewe: inatoa mafungu kwenye pasi, inayapanga pamoja, na la Vidole inaliweka pembeni, peke yake, ili Mama Futi asihangaike kulitafuta. Hakuna aliyenituma. Nimefanya hivyo tangu wiki yake ya kwanza. Niliinuka bila kusema amina.

Kabla mashine hazijaanza kulia, nilisimama mezani pake.

"Mama Futi, jana nilisema lako. Leo nasema langu. Fungu la Vidole mimi ndiye ninayelitenga, miaka miwili sasa, wala hukuniagiza. Na mimi nimembagua. Vidole, nisamehe."

Mama Futi alianza, "Sasa huyu naye..." akaishia hapo. Akavuta kiti. "Msimamizi aliyenitangulia aliniambia, 'Huyo mwangalie.' Nikamwangalia. Sijajiuliza hata siku moja nimeona nini."

"Umeona nini?" Vidole aliuliza.

Alifikiri. "Mashati matatu yenye kasoro. Kwa miaka miwili."

"Na yangu mangapi?" akadakia mzee anayeshona kola.

"Yako usiniulize mbele za watu, shemeji."

Tukacheka, Vidole naye akaziba mdomo kwa mkono.

"Jana ulinirushia jiwe," Mama Futi aliniambia. "Mtu akirushiwa jiwe huinua mkono, haulizi limetoka wapi."

"Na kama ningenyamaza?"

"Ungenyamaza, ningepindua mpaka siku ya kustaafu."

Vidole alikuwa ameitoa barua mfukoni. "Mimi siulizi kama moyo wako umegeuka, mama. Hilo ni lako na Mungu. Nataka kujua kama hii niipeleke ofisini au niichane. Na usininong'oneze. Sema mafundi wasikie."

Mama Futi akasimama, akatutazama mashine kwa mashine.

"Kuanzia leo nitapindua shati moja katika kila fungu, la fundi yeyote, na Vidole ni fundi kama nyinyi. Siku nikiyapindua yake yote, nitapindua yenu yote. Nikijisahau, yeyote kati yenu anisimamishe palepale. Pengine nitakasirika, maana ndivyo nilivyo. Lakini nitasimama. Naahidi mbele yenu nyote."