Unga Uliosahaulika

Mwaka 2006, hakimu wa Kitale alimpa Nabwile muda akakadirie matumizi yake ya mwezi, ili ijulikane Eliakim atamlipa kiasi gani baada ya talaka. Nabwile aliona ni kazi nyepesi. Ameendesha boma la watu kumi miaka nenda miaka rudi, sembuse chumba kimoja pale mtaani Tuwan alikohamia?

Akashuka Bungoma, kwao Myanga, akaketi na kaka yake Wamalwa, mchuuzi wa ng'ombe. Wakaandika kodi, sabuni, mafuta ya taa, sukari, dawa ya presha, hata sadaka ya Jumapili. Wamalwa alitaka wazidishe mara mbili, maana kwake hakuna bei isiyoanzia juu. Nabwile akakataa katakata. Alikuwa na kile kiburi cha watu wasafi, na nusura kimponze.

"Dada, huyo mtu ako na shamba kubwa. Si umkamue kidogo?"

"Sitaki kukamua mtu. Nataka nikae kwangu bila kuomba. Hiyo tu."

Hakuwa na haja nyingine. Katika ndoa yake yote aliomba: nauli ya kwenda matanga aliomba, pesa za kusuka nywele aliomba. Siku Eliakim alipomleta Cheptoo nyumbani awe mke wa pili, Nabwile alilia, ndiyo, lakini pia alichoka kuomba.

Kesi ilipoitwa, hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, alisoma jumla: elfu nne kwa mwezi.

"Nimekubali," Eliakim akadakia.

Nabwile akashtuka. Mtu huyu hubishania hata fungu la nyanya! Leo amekubali upesi hivyo?

Hakimu naye alikuwa bado anaikagua karatasi. "Mama, kwani wewe huli? Hapa sioni chakula."

Aibu ikampanda Nabwile hadi masikioni. Hakuwahi kununua unga maishani mwake. Mahindi yalitoka shambani, maziwa kwa ng'ombe, mboga nyuma ya jikoni. Angekumbukaje kuvitia bei? Hata huko Tuwan alikuwa akila gunia alilotoka nalo kwa Eliakim, na sasa lilikuwa limefika chini.

Eliakim akasimama, mpole kama mzee wa kanisa, cheo ambacho kweli alikuwa nacho. "Mheshimiwa, hiyo si shida. Mahindi iko kwa stoo. Kila mwezi akuje tu apimiwe makopo yake ya gorogoro."

Watu kwenye mabenchi wakanong'ona kwa kuridhika. Ungedhani ametoa shamba zima! Hakimu akashika kalamu.

Tuseme ukweli, haikuwa ahadi mbaya. Mahindi hupanda bei kabla ya mavuno, na ugali haujali umetoka wapi. Nabwile aliitafakari kwa utulivu. Akajiona mlangoni pa ile stoo, gunia tupu mkononi, akimsubiri Cheptoo alete ufunguo. Hakumchukia Cheptoo. Aliuchukia ule mlango.

"Hapana, Mheshimiwa. Iandikwe pesa."

"Hata kama itakuwa kidogo kuliko hayo mahindi?"

"Hata kama. Hiyo mahindi nilipanda mimi, nikapalilia, nikavuna, nikapukuchua. Siendi kupimiwa."

Hakimu akamgeukia Eliakim. "Basi tuongeze unga. Wewe unakadiria shilingi ngapi?"

Eliakim naye hakuwahi kununua. Maisha yake yote ugali ulimkuta mezani. Akamtazama mkewe wa zamani kama alivyozoea kumtazama kila mara kitu kilipopotea nyumbani.

"Mama Emmy," akauliza kwa sauti ya chini, "unga ni pesa ngapi siku hizi?"

"Sijui, Baba Emmy," Nabwile akajibu. "Leo jioni ndio nitanunua ya kwanza."