Vioo vya Wodi ya Wazazi

Mkaguzi wa bima alipofika kwenye kona ya barabara, alilikuta lori la mjomba wake limelalia ukingo wa mtaro kama mlevi aliyeegemea mlango wa nyumba isiyo yake. Hakushtuka. Alivaa buti zake, akafunga kamba vizuri, akashuka garini.

Asubuhi hiyo alikuwa amemweleza meneja wake waziwazi kwamba mwenye lori ni kaka wa mama yake. Meneja akakuna kichwa. "Wewe ndiye uliye karibu. Nenda ukaulinde mzigo. Mwenzako atakuja kuhakiki utakachoandika."

Dereva alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkono umening'inizwa kwa kitambaa. Wenzake walimbandika jina la Konokono kwa jinsi anavyoendesha.

"Pole, kaka. Ilikuwaje?"

"Ng'ombe, dada. Katokea tu. Nikamkwepa yeye, mtaro ukanidaka mimi."

"Na ng'ombe mwenyewe?"

"Kanitazama, kaendelea na majani yake. Hata pole hakunipa."

Mjomba mtu akaja haraka, viatu vinang'aa, shati limelowa jasho. Huyu ndiye aliyemlea mkaguzi tangu baba yake alipofariki, na ada zake zote za shule zilitoka kwenye magurudumu ya lori hilohilo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali wamekuleta wewe." Akamvuta pembeni. "Andika vyote vimevunjika, tumalize."

"Ngoja nivione kwanza."

"Uone nini? Ni vioo, na lori limelala!"

Mkaguzi alikwishapanda. Akafunua turubai, akaingiza kichwa na tochi. Vilikuwa vioo vya madirisha ya wodi mpya ya wazazi, vimesimamishwa wima ndani ya makreti ya mbao. Upande wa mtaroni kulikuwa na chenga tupu. Lakini upande wa juu kamba zilikuwa zimeshika, na kila alipogonga kwa kidole, kioo kiliitika kwa mlio safi usio na mkwaruzo. Akashuka akijipangusa vumbi.

"Zaidi ya nusu ni vizima, mjomba."

"Najua," mjomba akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana nakuita pembeni. Bima itawalipa hospitali, watanunua vingine. Hivi vizima kuna fundi atavichukua kimya kimya. La sivyo nani atalipia kuvishusha? Lori la pili litatoka wapi? Vibarua je? Utaniua, mwanangu. Na mimi ndiye niliyekulea."

Maneno hayo yalimchoma, lakini hayakumyumbisha.

"Umenilea, na ndiyo maana nakwambia mimi kabla hajakwambia mwingine. Huo ni wizi, mjomba, hata ukiuvika suti. Halafu unajipunja bure. Bima uliyokata inalipa pia gharama za kuokoa mzigo. Lori la kuhamishia, vibarua, kamba, vyote vimo. Ukiuacha mzigo uharibike kusudi, hapo ndipo utakapokosa."

Mjomba akafuta jasho usoni. "Mbona yule wakala aliyeniuzia hakuniambia?"

"Alikuambia, nami nilikuwepo. Ulikuwa unaongea na simu."

Konokono akacheka, kisha akakumbuka ni nani anayemlipa, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Mkaguzi hakungoja jibu. Akapiga simu, lori tupu likaja kutoka kituo cha mafuta cha jirani. Akavuka barabara hadi machimbo ya kokoto, akarudi na vibarua wenye mabega ya kazi. Kwanza wakalifunga lori kwa minyororo na kulitegemeza kwa magogo, lisije likabiringika. Ndipo makreti yakaanza kushuka.

Mjomba alisimama mbali, amenuna, mikono mfukoni. Mara mguu wa kibarua mmoja ukateleza kwenye udongo, kreti likainama. Kabla mkaguzi hajapiga kelele, mjomba alikuwa chini ya kreti, bega kwenye mbao, viatu vyake vizuri vimezama kwenye tope.

"Wima!" akafoka. "Kioo hakilazwi! Kishikeni kama mtoto aliyesinzia!"

Tangu hapo hakuna aliyemwondoa pale. Alipanga watu, akakaza kamba, akamkemea kila aliyeharakisha. Mkaguzi akarudi kwenye kazi yake, akapiga picha vilivyovunjika na kuviandika kama vilivyo.

Mzigo ulipoingia hospitalini, mkunga mkuu alikuwa mlangoni. Nyuma yake, madirisha ya wodi yalikuwa yamezibwa kwa karatasi za nailoni zilizopigapiga upeponi. Akashika shavu.

"Tuliambiwa lori limeanguka! Tukajua ndiyo basi tena."

"Liliegemea tu, mama," akasema mjomba.

Mkaguzi mwenzake alikuja kuhakiki, akakuta maandishi na vioo vinasema neno moja. Bima ikalipa kilichovunjika na gharama za kuokoa. Konokono akapona mkono, lori likanyooshwa bodi, likarudi barabarani.

Siku hizi, ndugu wakikutana, mjomba hukaa katikati ya sebule akisimulia jinsi yeye, peke yake, alivyopata wazo la kuokoa vile vioo. Mpwa wake huyasikia yote. Humjazia chai kikombe, akamwacha aendelee.