Picha Mbichi ya Kichina

Bernadina alipika miaka saba katika kambi ya Wachina karibu na Segese, na Kichina alikiokota humo humo jikoni, kwa Mzee Lin, mkubwa wa kambi. Mzee huyo hakujua Kiswahili zaidi ya "haraka" na "pole". Basi walizungumza lugha yake: chumvi, kuni, mvua, mke aliyebaki kwao, magoti yanayouma. Kambi ilipofungwa mzee aliondoka, na Bernadina akarudi kuuza maandazi.

Baada ya miaka miwili alipigiwa simu na Enock, msimamizi wa mgodi mmoja wa Geita. Walitaka mkalimani wa kuanza Jumatatu.

"Kichina unakijua kweli, mama?"

"Nakijua."

Alipokata simu akaanza kuingiwa na wasiwasi. Miaka miwili hajasikia hata neno moja! Akaamua kwenda Kahama mjini kutafuta sinema ya Kichina, ajipime masikio kabla ya Jumatatu.

Banda la kwanza la video, nyuma ya stendi, lilikuwa nayo kweli. Lakini Wachina walipofungua tu midomo, sauti ya Mswahili mmoja ikawafunika: "Oya, jamaa kaingia choo cha kike!" Mwanamume, mwanamke, mtoto, wote sauti hiyo hiyo. Bernadina akamuuliza mkata tiketi kama ipo ambayo haijatafsiriwa.

"Sasa utaielewaje?" mkata tiketi alishangaa.

Banda la pili lilikuwa likionyesha mpira. Katika la tatu walimwambia ipo, tena haijaguswa. Alisikiliza nusu saa jasho likimtoka, asiambulie kitu, mpaka dada aliyekaa jirani yake akamnong'oneza kwamba hiyo ni ya Kikorea.

Ndipo akaelekezwa kwa Akida, mtu mzima mwenye banda la mabati karibu na soko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unatafuta nini?"

Bernadina akaeleza. Akida akapekua kopo la flashi. "Ninayo moja mbichi. Ya Kichina hasa, aliniachia fundi wao. Wateja waliikataa, hakuna ngumi hata moja. Kaa."

Picha ikaanza. Mwalimu aliongea na wanafunzi, dereva akagombana na askari. Bernadina alisogeza benchi mbele, akasogeza tena. Hakuna alichoshika.

"Baba Akida, una hakika hiki ni Kichina?"

"Nina hakika."

"Mbona sikielewi? Nimekizungumza miaka saba!"

Bernadina alianza kujiuliza kama mzee Lin alikuwa akimtania, au kama yeye mwenyewe alikuwa akijibu hovyo miaka yote ile. Lakini mbona alipoambiwa alete maji alileta maji, na mzee akayanywa?

Alikuwa ameshanyanyuka aondoke wakati bibi mmoja kizee, kwenye picha, alipotoka jikoni akimfokea mjukuu wake. Bernadina akasimama pale pale.

"Anasema chakula kinapoa!" akapiga kelele. "Anasema, 'Baba yako naye alikuwa hivi hivi, hasikii!' Namwelewa!"

Mjukuu akajibu, na giza likarudi. Bibi akasema tena, na kila neno likaingia. Ilikuwa hivyo mpaka mwisho: bibi tu, na hakuna mwingine.

"Sijui nimerogwa?" alimuuliza Akida.

Akida akafikiri. "Kwenu wapi?"

"Ushetu. Sisi ni Wasumbwa."

"Haya. Tuseme Mchina amefika Ushetu, akakaa na bibi yako jikoni miaka saba. Akitoka hapo atajua lugha gani?"

"Kisumbwa," alisema Bernadina polepole.

"Naye atatangaza kwamba anajua Kiswahili."

Bernadina aliketi tena. Alitaka kucheka, akaona machozi yanakuja. Kumbe mzee wa watu alimfundisha lugha ya nyumbani kwao, naye hakuwahi hata kuuliza inaitwaje.

Akampigia Enock hapo hapo, kabla ujasiri haujamtoka.

"Bosi, Kichina nakijua, ila sijui ni cha wapi."

"Mama, mimi nilidhani Kichina ni kimoja."

"Hata mimi."

"Wako wanne hapa. Nao kuna siku naona hawasikilizani. Wewe njoo Jumatatu uwasalimie. Atakayeitika tutamjua."

Bernadina aliweka simu mkobani, akamwomba Akida arudishe picha pale bibi anapotokea.