Mguu Uliokwenda Kujieleza

Jumatatu saa tatu asubuhi, nesi wa kliniki ya mishipa alimsomea fundi cherehani fomu ya ubora wa maisha, maswali ishirini na tano. Mishipa ya mguu wake wa kushoto ilikuwa imeziba. Alama zikiwa chini ya hamsini, mtu anapangiwa upasuaji wa kuizibua. Zikizidi, anarudi nyumbani kungoja mguu ukatwe.

Tatizo, aliyemsindikiza ni mkwe wake, mke wa mwanawe, na alikaa palepale. Mzee mzima na heshima zake aseme mbele ya mkwe kwamba usiku analia? Thubutu!

“Maumivu, baba?”

“Sijambo.”

“Usingizi?”

“Namshukuru Mungu.”

“Kutembea?”

“Tunajikongoja, mwanangu, hakuna neno.”

Alipata tisini na moja. Nesi akampongeza.

Mguu ulinuna. Kesho yake alfajiri ulishuka kitandani, ukamwacha mzee anakoroma, ukaenda kliniki wenyewe. Kila hatua ishirini uliegemea nguzo au ukuta mpaka maumivu yapite. Ulifika saa sita, ukachukua namba, ukakaa kwenye benchi. Mama mmoja alisogea pembeni kidogo, kwa sababu ya harufu.

Nesi aliukaribisha vizuri. Mguu hauna mkwe, basi ulimwaga yote: ganzi, baridi, kidole gumba kilichogeuka cheusi, cherehani ambayo haijakanyagwa miezi mitano. Nesi aliandika kila neno kwenye nafasi ya maoni, isiyo na alama. Kisha akafika kwenye swali la mwendo.

“Umekuja na nani?”

“Peke yangu.”

“Kutoka wapi?”

“Nyumbani. Kilomita mbili.”

“Mashallah!”

“Lakini nimesimama mara mia mbili, dada!”

“Fomu haiulizi kusimama. Inauliza kufika.”

Akaweka tiki: anatembea mwenyewe, bila fimbo, bila msindikizaji. Swali hilo ndilo lililobeba alama nyingi. Jumla ikawa tisini na sita. Akagonga muhuri, akalikata jina la fundi kwenye orodha ya wanaofikiriwa upasuaji.

Mguu ulirudi jioni. Mzee alikuwa amekaa mlangoni, akiungoja.

“Wamesemaje?”

“Turudi mwaka kesho.”

Mzee alikitazama kile kidole. Akasubiri mkwe aingie jikoni, ndipo akasema kwa sauti ya chini:

“Kinauma, jamani. Kinauma sana.”

“Najua,” mguu ukamjibu.